Pipa Limevimbiwa, Nimelipa Magadi

Leo nimeaibika, na aibu yenyewe nimeipika kwa mikono yangu nikaipakua mbele ya mzungu.

Nawaandikia ninyi wenzangu wa darasa la ubatizo: Naetwe na Mama Sifaeli mlioko Kaloleni, Elizabeti uliyehamia Kijenge kwa mwanao, na wewe Ndelilio, mjane wa fundi seremala. Someaneni. Naandika upesi kwa sababu kesho jirani yangu Ndeshukuru anashuka mjini na ndizi zake, na akiwafikia yeye kwanza mtasikia kwamba nimechoma nyumba. Sijachoma nyumba. Shida ya leo ni kwamba hakuna kilichowaka.

Mnamjua binti yangu wa mwisho, Elinaja. Ameolewa na mtu anayefagia soko la mjini Arusha. (Jina lake mnalijua. Mimi majina ya watu wote ninayo kichwani, hata ya watoto waliokufa kabla ya kubatizwa, lakini hilo moja haliandikwi na mkono wangu. Ni mkwe.) Kwa mila yetu mimi na yeye hatutazamani usoni, hatupeani mkono, hatuli pamoja. Tangu aoe namjua kwa mgongo na kwa kikohozi. Akiwa na neno nami husimama nyuma ya migomba, anakohoa, kisha anauambia mgomba. Nami naujibu mgomba. Tumeishi vizuri hivyo, maana mgomba hauna fitina.

Kabla ya kazi ya soko alikuwa kibarua upande wa Usa, kwenye shamba la kahawa la mzungu mmoja. Mzungu huyo alichimba shimo, akalijaza maganda ya kahawa na mavi ya ng'ombe, akalifunika. Hewa iliyotoka humo ikaendesha injini, na injini ikawasha taa za umeme sebuleni kwake. Taa kutoka kwenye uchafu. Mkwe wangu aliliona jambo hilo kwa macho yake na likamkaa. Alipokuja kufagia soko, akakuta kabichi zilizooza, maganda ya ndizi na nyanya zilizopondeka vinapakiwa kwenye gari na kumwagwa bondeni, vinanuka na kufuga nzi. Elinaja anasema siku hiyo alirudi nyumbani hataki kula. Alikuwa anasema tu, "Wanamwaga moto. Wanaupakia kwenye gari, wanakwenda kuumwaga."

Basi akachimba shimo kwangu, kwa sababu ng'ombe ni wangu. Juu ya shimo akafunika pipa kubwa la chuma kifudifudi. Pembeni akaweka bomba lenye koki, na kwenye bomba akafunga mpira unaokuja hadi jikoni, kwenye jiko dogo la chuma alilolitengeneza mwenyewe. Kila jioni alipanda mlima huu na gunia la taka za soko nyuma ya baiskeli. Watu walimcheka njia nzima. Ndeshukuru alimwambia Elinaja, "Wenzio waume zao wanarudi na sukari."

Halafu siku moja jiko likawaka. Moto wa buluu, mdogo, hauna moshi. Nilimpikia mjukuu wangu Naomi uji bila macho kuniwasha, nikajikuta nalia kwa sababu nyingine.

Siku ile ya kwanza kabisa mkwe alikuwa ameuagiza mgomba hivi: "Mgomba, mwambie mama kwamba shimo hili ni kama tumbo la ng'ombe. Lilishwe kidogo kidogo, lisilishwe kwa pupa." Nikalishika neno hilo. Shule yangu mnaijua ilipoishia, lakini ng'ombe sifundishwi na mtu.

Sasa sikilizeni jambo lililokuwa mbele yetu. Kazi yake sokoni inakwisha, vibarua wamepunguzwa. Lakini Bwana Afya wa mjini amesikia habari za shimo. Akasema atakuja kuliona, na akiona moto kwa macho yake atachimba mashimo ya namna hiyo karibu na soko, taka zisimwagwe tena bondeni, na mkwe wangu atakuwa msimamizi. Asipoona moto, Jumatatu lori la manamba linakwenda Tanga kwenye mkonge, na mkwe alikwisha kuongea na mwandikishaji. Ndelilio, wewe lori hilo unalijua. Kaka yako Samweli alilipanda akicheka, hajarudi mpaka leo, na mama yako alikufa akimwekea kiti.

Ndiyo maana wiki hii Elinaja alikuja akaniambia, "Mama, jiko lisiwashwe tena mpaka wageni waje. Baba Naomi amekataza." Hakusema sababu. Sikuuliza. Maneno ya mkwe hayaulizwi.

Leo ndiyo siku yenyewe. Nimeamka alfajiri kukamua. Nimepita kando ya shimo na kibuyu changu, nikaliona pipa, nikasimama.

Lilikuwa limeinuka. Siku zote pipa hilo hunifika magotini. Leo lilikuwa limepanda mpaka kifuani, limesimama upande mmoja, limekazana. Nikaligonga kwa kiganja. Likalia kama ngoma. Nikajua sauti hiyo. Ninyi mnamkumbuka Mabaka, ng'ombe wa mzee Yohana, aliyekula majani ya maharage yakiwa na umande, ubavu wake wa kushoto ukapanda mpaka ukapita mgongo? Mzee Yohana aliupiga kiganja, ukalia vile vile. Jua halikumkuta Mabaka akiwa hai.

Nikajisemea: shimo limevimbiwa. Na kwa nini lisivimbiwe? Jana mkwe kwa hamu yake ya wageni amelishindilia magunia mawili ya kabichi. (Mimi mwenyewe kabichi moja hainilazi.)

Nimuulize nani? Nyumba ya Elinaja iko ng'ambo ya mfereji, lakini humo analala mkwe. Mama mkwe habishi hodi alfajiri kwa mkwewe, hata kama pipa linakufa. Nikabaki peke yangu na mgonjwa.

Nikafanya jambo ambalo kila mmoja wenu angefanya. Nikatwaa magadi, yale mazuri ya Momela, nikayaponda, nikayakoroga kwenye nusu debe la maji vuguvugu, nikalinywesha shimo lote pale mdomoni panapotiwa taka. Hiyo ni dawa. Lakini mnajua dawa peke yake haitoshi, mnyama lazima apige mbweu. Ng'ombe tunamfunga kijiti mdomoni ili hewa ipate njia. Pipa halina mdomo. Nikazunguka, nikaona mpira. Nikauchomoa kwenye bomba, nikafungua koki.

Likapiga mbweu, wenzangu. Mbweu ndefu, ya kuridhisha. Kuku walihama. Mimi nikavumilia harufu kama muuguzi, nikakaa kwenye kigoda nikakamua huku nalitazama, na kila nilipopita nikalipapasa ubavu na kuliimbia ule wimbo ninaomwimbia ng'ombe anapozaa. Likashuka. Likashuka tena. Nilipomaliza ng'ombe wa mwisho pipa lilikuwa limelala chini kabisa, limetulia kama mtoto aliyenyonya. Nikafunga koki, nikarudisha mpira, nikamshukuru Mungu. Niliona kwamba nimeiokoa nyumba ya binti yangu, tena bila kuamsha mtu.

Nikaoga. Nikavaa kanga yangu ya Pasaka.

Ndeshukuru akaja kabla ya wageni, kwa kuwa pua yake hailali.

"Mama Elinaja, mbona umependeza hivyo, unaozwa?"

"Leo Bwana Afya anakunywa chai kwangu. Imechemshwa kwa kabichi."

"Mimi nipe maji."

"Maji kachemshe kwako, kwa kuni zako na kikohozi chako."

(Neno hilo naomba Mungu alisahau. Ndeshukuru hatalisahau.)

Wageni wakaja wakihema, gari lao limekwama chini kwenye tope. Bwana Afya mwenyewe ni mzungu kijana, mrefu, masikio mekundu, mgeni hapa nchini, Kiswahili hajui. Alikuja na karani wa kumtafsiria, Zakaria. Elinaja alikuwa nyuma yao amembeba Naomi. Mkwe alipita pembeni kwa adabu, mgongo huku, akaingia migombani. Nikasikia kikohozi chake. Kilikuwa cha mtu asiyelala.

"Shikamoo mama," akasema Zakaria.

"Marahaba. Wewe si mtoto wa Elifasi wa vidole sita?"

"Ndiye mimi, mama."

"Na mama yako ni Ruthi, binti wa Nderingo, aliyemwagia mchungaji maziwa siku ya harusi yake."

"Mama, tuanze kazi."

Mlango wa jikoni uko wazi, na migomba iko hatua chache tu. Nikachuchumaa mbele ya jiko, birika nimeshaliweka juu, nikafungua koki ya jikoni, nikawasha kijiti cha kibiriti kwa madaha. Nikakisogeza. Kikawaka mpaka vidoleni, kikazimika. Cha pili vivyo hivyo. Mzungu akainama kutazama. Cha tatu nikajiunguza.

Kikohozi migombani. "Mgomba, mwambie mama asiogope. Afungue koki yote."

"Mgomba, koki imefunguliwa mpaka mwisho."

Mzungu akamnong'oneza Zakaria. Zakaria akaniuliza, "Bwana anataka kujua unaongea na nani."

"Mwambie naongea na mgomba."

Akamwambia. Mzungu akautazama mgomba, akavua kofia. Sijui ilikuwa heshima au joto.

"Mgomba, basi labda mpira umejikunja."

"Mgomba, mpira umenyooka kama mchungaji."

Nikasikia majani yanasogea, mkwe anakwenda shimoni. Alikaa huko kitambo. Sauti iliporudi ilikuwa imekauka.

"Mgomba. Pipa liko chini."

Na mimi, wenzangu, ndipo nilipopata nafasi niliyokuwa naingojea tangu asubuhi. Nikainua uso, nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani:

"Ndiyo, mgomba. Limepona."

"Limepona nini?" Hakutaja mgomba.

"Lilikuwa limevimbiwa vibaya, lingekufa. Nimelipa magadi, nikalichomoa mpira, likapiga mbweu. Hewa yote mbaya imetoka. Sasa liko salama."

Ndeshukuru alikaa juu ya kinu bila kutazama. Elinaja akaziba mdomo kwa mkono. Zakaria akanitazama kwa huruma, akasema, "Mama, na hili nilitafsiri?"

Kabla sijamjibu migomba ilipasuka, mkwe akatoka mbio, akasimama mlangoni mbele yangu, uso kwa uso. Akasema, "Mama, hiyo hewa ndiyo moto."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilielewa kila kitu kwa mara moja, kuanzia agizo la kutowasha jiko. Alikuwa anaiweka akiba. Alitaka mzungu alikute pipa limejaa mpaka juu. Na mimi nimeamka mapema kuliko wote nikaimwaga hewani, tena nikiimba.

Lakini nitawaambia kitu ambacho Ndeshukuru hatawaambia. Nilipaswa kujifunika kanga usoni, na nilichelewa. Nikamwona. Miaka yote hii nilidhani binti yangu ameolewa na mwanamume mkubwa, kwa upana wa mgongo ule. Uso wake ni wa kijana. Ana kovu juu ya jicho, kidevu hakijajaa ndevu. Na alikuwa anaogopa. Hakuwa na hasira nami hata kidogo, alikuwa mtoto wa mtu anayeona lori. Kisha naye akakumbuka, akageuka akanipa mgongo, lakini lililoonekana limeonekana.

"Mmeonana," akasema Ndeshukuru kutoka kwenye kinu. "Hapo faini ni kondoo. Wazee hawatakubali chini ya kondoo."

"Mama Elinaja amezeeka," akaendelea kumwambia Zakaria. "Mwambie mzungu hajui asemalo, ameota. Pipa la chuma litavimbaje?"

Alitaka kunisitiri, najua. Ni mwema akiwa hana kazi. Ningenyamaza, ningekuwa bibi kizee aliyeota, na mambo yangekwisha. Lakini basi mkwe angekuwa mwongo mwenye shimo la kabichi.

Zakaria alikuwa amekwisha kutafsiri. Masikio ya mzungu yakazidi wekundu. Nilidhani atacheka, lakini akauliza neno.

"Bwana anauliza, lilivimba kiasi gani?"

Nikatoka nje, wote wakanifuata. Nikasimama kando ya pipa, nikaweka mkono wangu hapa, chini ya titi, mbele ya mzungu, karani, jirani na mgongo wa mkwe. "Mpaka hapa."

Mzungu akachuchumaa na suruali yake nyeupe. Akaliinua pipa kidogo, na ubavuni mwake, sehemu iliyokuwa chini, akaona alama ya tope la mavi, mstari mbichi usiokauka, mahali pipa lilipokuwa limefikia kabla ya kushuka. Akaugusa kwa kidole. Akanusa kidole. (Zakaria akatazama mbinguni.)

"Bwana anauliza, lilipiga mbweu kwa muda gani?"

"Tangu nilipoanza kumkamua Sinyati mpaka nilipomaliza na yule mwekundu. Na Sinyati ana maziwa mengi."

"Bwana anauliza, kwa nguvu gani? Ilitoka kwa sauti ya namna gani?"

Nikamtazama Zakaria. "Unataka niseme sauti?"

"Si mimi, mama. Ni Bwana."

Basi wenzangu, mimi ninayeshika sahani ya sadaka, mimi ninayewafundisha mabinti adabu ya ukweni, nimesimama leo uani kwangu na kanga ya Pasaka, nikajaza mashavu, nikatoa sauti ile. Nikaitoa yote. Naomi akapiga makofi mgongoni kwa mama yake.

Mzungu akasikiliza kwa makini kama mtu aliye ibadani. Akasema kitu.

"Bwana anaomba urudie," akasema Zakaria, macho chini. "Anataka kujua kama iliendelea hivyo hivyo au ilipungua."

Nikarudia. Mara ya pili nikaipunguza mwishoni, maana ndivyo ilivyokuwa, na uongo sikuuzoea.

Ndeshukuru alikuwa amelala kwenye nyasi.

Mzungu akasimama, akazungumza na Zakaria maneno mengi. Kisha Zakaria akaniambia, "Bwana anauliza kama naye anaruhusiwa kuuambia mgomba."

"Mgomba haubagui."

Basi yule kijana wa Kiingereza akasimama mbele ya mgomba wangu, kofia mkononi, akauambia kwa lugha yake, na Zakaria akafuatisha: kwamba mtu anayetaka kudanganya serikali angetunga habari yenye heshima kuliko hii. Kwamba hewa ya kujaza pipa mpaka kifuani na kutoka muda wa kukamua ng'ombe wote si kidogo. Kwamba moto hajauona, na bila kuuona hawezi kuchimba mashimo sokoni. Lakini Jumatatu ataleta mkokoteni mmoja wa taka, mtu huyu alishe shimo lake, na posho yake itaendelea mpaka atakaporudi kuangalia. Na mwisho, anaomba mama asilitibu.

Kikohozi kikatoka migombani. Nadhani kilikuwa kicheko, lakini kwa mkwe tunasema kikohozi.

Walipoondoka nikakaa kwenye kigoda changu. Elinaja akaja akakaa chini karibu nami, akaniegemea bega. Baadaye nikasikia majani.

"Mgomba, mwambie mama magadi yamelichafua tumbo. Nitachota nusu, nitie mavi mapya. Litaumwa kidogo, halitakufa."

"Mgomba, mwambie mtu huyo nitamsaidia kuchota."

"Mgomba, mwambie mama siku nyingine akiona jambo, aje abishe hodi."

"Mgomba, hilo haliwezekani, na yeye anajua."

Kikohozi. "Basi asimame kwenye mfereji apige kelele, kama kuna moto."

Hilo tumekubaliana. Kondoo nitatoa mimi, kosa la macho yangu si lake. Sasa hivi ninapoandika pipa bado liko chini, limenuna, na sijui kama litainuka. Ila Jumatatu lori la Tanga litapita barabarani pale chini, na mwanamume wa nyumba ile ng'ambo ya mfereji hatakuwemo. Atakuwa hapa anangoja kabichi zilizooza.

Basi nimewaambia mwenyewe, bila kupunguza. Naetwe, wewe ndiye ninayekuogopa. Chekeni leo, chekeni na kesho mkipenda, mmalizie huko huko Kaloleni. Jumapili mje kanisani na nyuso za ibada, na atakayejaza mashavu wakati napitisha sahani, namruka.